Kujaza shimo la mfupa baada ya kukwangua uvimbe usio wa saratani

Swali (Dodoma): Wakuu, uvimbe wa seli kubwa (uvimbe wa mfupa usio wa saratani), mwisho wa chini wa mfupa wa paja karibu na goti. Baada ya kukwangua, shimo ni la mviringo kama mpira, kipenyo sm 4. Tujaze nini?

Jibu 1: Mkuu, hilo ni takriban mililita 33. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa nyonga ya mbele ili kupandikizwa, mara nyingi hautoshi, ingawa una seli hai na ndio bora kwa mashimo madogo. Ukiuchukua, badilisha glovu na vifaa kwanza, usije ukapandikiza uvimbe nyongani! Kwa uvimbe huu ningechagua saruji ya mifupa (plastiki laini inayoganda ndani ya shimo): inabeba uzito mapema, na uvimbe ukirudi, eksirei huonyesha weusi unaopanuka pembeni mwa saruji. Ila joto lake huumiza gegedu (tabaka laini linalofunika ncha ya mfupa kwenye kiungo), kwa hiyo tandika kwanza mfupa wa nyonga chini ya gegedu.

Jibu 2: Naunga mkono. Kuhusu vijazo vya madini: kalsiamu salfeti huyeyuka ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla mfupa mpya haujakomaa, na kidonda huweza kuvuja majimaji. Haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa, hukaa muda mrefu lakini ni dhaifu, hivyo ukuta wa mfupa ukiwa mwembamba ongeza pleti (bamba la chuma). Ukwanguaji hafifu hauokolewi na kijazo chochote.