Ripoti ya Neema ya safari ya Morogoro

Mama Neema: Shikamoo baba. Wifi Rehema, habari za jioni. Neema ametakiwa shuleni kuandika ripoti ya safari yetu ya Jumamosi kwa treni ya SGR. Ameanza na mishikaki tuliyokula Morogoro, akarudi stesheni ya Dar es Salaam, kisha akaitaja Ngerengere kabla ya Soga. Nimwelekeze vipi bila kumwandikia?

Shangazi Rehema: Salama, wifi. Mishikaki usimwondolee, kwa kuwa ndiyo anayoikumbuka zaidi. Kila tukio aliandike kwenye kipande chake cha karatasi, kisha avipange vyote mezani kabla ya kuandika ripoti yenyewe. Reli itamsaidia, kwani ukitoka Dar unapita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, ndipo unafika Morogoro.

Babu: Marahaba, mwanangu. Mimi nimeshtushwa na saa. Mjukuu wangu amenisomea kwenye simu kwamba treni iliondoka saa tisa na nusu na kwamba mishikaki mliila saa saba mchana. Kwa ripoti hiyo, mlikula Morogoro kabla hamjaondoka Dar.

Mama Neema: Tiketi imeandikwa 09:30, baba, naye amezisoma tarakimu kama zilivyo.

Babu: Basi ajue kwamba hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi, na kila saa anayoichukua kwenye tiketi aibadilishe kwanza.

Baba Neema: Dada, je, aanze na kuamka na kupiga mswaki? Ndivyo tulivyofundishwa sisi.

Shangazi Rehema: Hapana, kaka. Sentensi ya kwanza iseme nani walisafiri, lini, wapi na kwa sababu gani, kisha aingie moja kwa moja kwenye kuondoka. Nimeiona picha ya daftari. Neno "halafu" limejaa kila mstari. Sisi walimu tunachangia kosa hilo, kwa sababu tunawapa watoto orodha ya "kwanza, halafu, mwishowe" na kuwaacha waijaze, ilhali kitenzi chenyewe kinabeba mfuatano: "Tulifika Pugu, abiria wakapanda, treni ikaondoka." Aanze na -li-, na -ka- ifuate. Yaliyotangulia ayafunge kwa "kabla hatujafika", na yaliyotokea pamoja atumie -ki-, kwa mfano: "Nilimwona mama akitafuta tiketi." Mfundishe kwa mdomo kwanza, akisimulia vizuri, kalamu itafuata.

Mama Neema: Ameshavipanga, wifi, na mishikaki imekwenda karibu na mwisho. Amebakiwa na kipande kimoja mkononi, kile cha mdogo wake kupitiwa na usingizi, kwa kuwa hakumbuki kama ilikuwa kabla ya Ruvu au baada yake.

Babu: Asikisie. Awaulize waliokuwapo.

Baba Neema: Nilikuwa nimempakata. Alilala tulipokuwa tukiondoka Soga, akaamka Ngerengere.

Mama Neema: Amekiweka kati ya Soga na Ruvu, na sasa anaandika.