Tupeane uzoefu: Kusoma kilimo hai mtandaoni kwa lengo la ajira

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa kozi za kilimo hai (kisichotumia mbolea na viuatilifu vya viwandani) zinazosomwa mtandaoni, kwa anayelenga kazi: ugani, ukaguzi wa ithibati (kuthibitisha kuwa shamba linafuata kanuni za kilimo hai), usimamizi wa shamba au ununuzi wa mazao. Tuweke hatua na vipimo. Hadithi za "nimetoka mbali" zina uzi wake.

Jembe Kuukuu
Wengi huanza na kozi ya mboji kwa kuwa video zake zinavutia. Anza na viwango. Misingi minne ya IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai (afya, ikolojia, haki na uangalizi), inasomeka kwa jioni moja. Baada ya hapo fungua kanuni za soko unalolilenga: kwa Umoja wa Ulaya ni Kanuni 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, kwa Marekani ni 7 CFR (mkusanyiko wa kanuni za serikali kuu) sehemu ya 205. Zote zinasomwa bure.

Chora jedwali la safu tatu: jambo, Ulaya, Marekani. Mstari wa kwanza uwe kipindi cha mpito, yaani muda wa shamba kuhama kutoka kilimo cha kawaida kwenda kilimo hai. Marekani inataka miaka 3 bila pembejeo iliyokatazwa, ikihesabiwa hadi siku ya kuvuna. Ulaya inataka miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya kuvuna mazao ya kudumu. Umeona mtego? Kwa zao la msimu, Marekani inahesabu hadi mavuno, Ulaya hadi kupanda. Asiyejua hilo atampa mkulima tarehe ya uongo, na mkulima atauza mzigo usio na sifa.

Msoma Bando
Na kozi zenyewe? Bando ni dogo.

Jembe Kuukuu
Mkuu, FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wana kozi za bure kwenye jukwaa lao la elearning Academy. Kwa kozi yoyote, pakua maandishi, video punguza ubora. Kabla hujalipia popote uliza maswali mawili: nani anasahihisha kazi za vitendo, na cheti ni cha kuhudhuria au cha kufaulu mtihani? Kama anayesahihisha ni kompyuta peke yake, hapo umenunua video.

Mama Matandazo
Kila moduli iwe na kazi ya mikono wiki hiyohiyo, hata kama eneo ni mita 3 kwa 3. Nachukua mboji, maana ndipo wanaosoma kwa skrini hujulikana.

Rundo lisipungue mita 1 kwa upana, urefu na kimo. Dogo kuliko hapo linapoteza joto. Uwiano wa kaboni na naitrojeni uanzie 25 hadi 30 kwa 1. Kwa ndoo, anza na ndoo 2 au 3 za makavu, kama majani makavu (yana kaboni nyingi), kwa 1 ya majani mabichi au samadi (yana naitrojeni nyingi), halafu rekebisha kwa pua na kipimajoto. Unyevu: fumbata konzi, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu.

Pima joto katikati ya rundo kila siku, saa ileile, uandike. Likikataa kupanda, ama ni kavu, ama dogo, ama halina mabichi ya kutosha. Harufu kali ya kukera macho ni amonia: naitrojeni imezidi, na inapotea hewani. Harufu ya yai viza ni maji mengi na hewa hakuna, pindua. Unga wa kijivujivu ndani unaonyesha rundo limekaukia humohumo.

Mboji yenye samadi inayogeuzwa kwenye matuta (marundo marefu), kwa kanuni za Marekani, ikae kati ya nyuzijoto 55 na 77 za Selsiasi kwa siku 15, ikipinduliwa angalau mara 5. Daftari la joto ndilo ushahidi. Picha ya rundo haisemi lilifika nyuzi ngapi.

Kalamu ya Mkaguzi
Mama kasema daftari, niendelee hapo. Anayetaka ukaguzi ajizoeze hesabu ya ulinganifu wa mavuno na mauzo. Mfano: hekta 2, makadirio kilo 600 kwa hekta, sawa na kilo 1,200. Ghala lilibaki na kilo 300 za msimu uliopita. Jumla 1,500. Stakabadhi za mauzo zinaonyesha kilo 1,900. Kilo 400 zimetoka wapi? Usikimbilie neno wizi. Pima shamba upya, maana hekta za kukadiria kwa macho hudanganya. Kagua makadirio yenyewe. Ndipo uulize kama mzigo wa jirani umechanganywa. Kumbuka kutoa mbegu na chakula cha nyumbani, pengo litaongezeka.

Tunga seti tano za namna hii, nyingine ziwe na kosa ulilolificha, mbadilishane na mwenzako wa kozi. Na muelewane jambo moja: cheti cha mtandaoni hakikufanyi mkaguzi. Bado utafuatana na mkaguzi mzoefu shambani.

Udongo Kwanza
Moduli ya udongo nayo ina kazi ya mikono, kipimo cha chupa cha kujua udongo una mchanga, mchangatope (chembe za kati) na mfinyanzi kiasi gani: theluthi moja ya chupa udongo uliochekechwa, maji hadi karibu ijae, tone la sabuni, tikisa dakika kadhaa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, mchangatope kwa saa mbili hivi, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula, gawa kwa kimo chote cha udongo uliotua. Kosa la kawaida ni kusoma mapema, ukaandika mfinyanzi haupo kumbe bado unaelea.

Msoma Bando
Nimeelewa. Nirudi kwa masharti ya mboji ya Mama: kwa hiyo samadi mbichi ni marufuku kabisa?

Kalamu ya Mkaguzi
Hapana ndugu, na usije ukajibu hivyo kwenye usaili. Marekani inaruhusu kwa mazao ya chakula, ila ichanganywe na udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, mfano karoti au letusi, na siku 90 kama haigusi, mfano mahindi. Letusi inayokomaa kwa siku 60 basi haipati samadi mbichi msimu huo. Iweke kwenye zao lililotangulia, au itengeneze mboji kwanza.