Sheria ikibadilika wanatekeleza kipande chao tu: konje (likizo) ya uzazi, boni ya matibabu na mfuko wa CNSS hapa Lubumbashi

Bandugu na badada wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na wote mnaokula mkate wa kampuni za kandarasi za migodi, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kila sheria ya kazi inapobadilika katika nchi hii ya Kongo, wakubwa wetu wanatafuta kwanza mstari unaowapunguzia wao gharama. Huo unatekelezwa kesho yake asubuhi, barua inabandikwa ukutani, imepigwa muhuri. Mstari unaompa mfanyakazi haki unaambiwa usubiri maelekezo. Maelekezo ya nani? Sheria imeshasainiwa na Rais, imetoka kwenye Gazeti Rasmi, miaka inapita. Mnangoja nini tena?

Niko kwenye depo moja ya vipuri kule Quartier Industriel, Kampemba. Jina la kampuni silitaji kwa sababu wenzangu bado wanaingia pale kila siku na wana watoto. Lakini mambo yenyewe nitayasema yote.

Nianze na dada mmoja wa stoo. Kode ya Kazi, yaani sheria kuu ya kazi, ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwanamke anayejifungua wiki 14 za mapumziko, na theluthi mbili za mshahara zinaendelea. Hilo lilikuwa linajulikana, hata wakubwa walikuwa hawalikatai. Halafu tarehe 15 Julai 2016 zikatoka sheria mbili siku moja: namba 16/010 iliyorekebisha Kode, na namba 16/009 ya usalama wa jamii, ambayo iliingiza malipo ya siku za uzazi kwenye mafao ya familia yanayotolewa na mfuko. Mwaka 2018 mfuko huo wa taifa wa usalama wa jamii, INSS, ukageuka CNSS. Hapo ndipo kampuni yetu ilipopata mlango wa kutokea. Yule dada alipopeleka karatasi ya daktari, wakamjibu ofisini: «Mama, mambo ya uzazi iko ya CNSS sasa. Kwenda kule.» Theluthi mbili wakaikata mwezi uleule.

Akaenda, na tumbo lake, na jua lile la mwezi wa kumi. Alibeba fishi zake zote za malipo (karatasi za mshahara) ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye kila fishi kuna mstari: CNSS, asilimia 5, na kiasi kilichotolewa. Lakini pale juu, panapotakiwa kuandikwa nambari ya mfanyakazi kwenye mfuko, kuna vistari viwili tu. Fishi ya kwanza vistari viwili, ya pili vistari viwili, mpaka ya mwisho. Kampuni inajulikana kule, lakini jina lake yeye halikupelekwa hata siku moja. Miaka yote hiyo alikuwa anakatwa makuta kwa ajili ya mfuko ambao haumjui.

Sasa niambieni, huo si wizi? Wala msiniambie ni kosa la karani. Kwa sheria mfanyakazi anatoa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 13 juu yake: 5 za pensheni, 6.5 za familia, 1.5 za ajali na magonjwa ya kazi. Jumla 18, na mwenye jukumu la kuzipeleka zote ni mwajiri, siyo mama mjamzito. Ile 1.5 msiione ndogo. Tunabeba makasha ya vyuma pale, tunaendesha mashine za kunyanyulia. Siku kasha litakapomwangukia mtu mguuni, ataambiwa naye «kwenda CNSS», na kule atakuta hayuko.

Yule dada alirudi kazini mtoto hajafikisha hata miezi miwili, maana nyumbani walikuwa hawana tena cha kula. Na hata baada ya kurudi, vita haikuisha. Sheria inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili kwa siku, nusu saa kila moja, na yanahesabiwa kama saa za kazi. Nyanya alikuwa anamleta mtoto mpaka getini, Sentineli akaamriwa asifungue mpaka saa sita. Tulikuwa tunamsikia mtoto analia upande wa pili wa bati, na mama yake yuko ndani anahesabu fani-belti, nguo imelowa maziwa kifuani. Mkubwa akapita, akaona, akanyamaza. Hilo siwezi kulisamehe.

Nije kwenye boni ya matibabu, ile karatasi ya kampuni ya kumpeleka mgonjwa kituoni, na hapa ninasema ya kwangu. Kode inasema mwajiri anamtibu mfanyakazi na familia yake, kwa ugonjwa, ajali, ujauzito na kujifungua, hata kama ugonjwa haukutoka kazini. Daktari, upasuaji, meno, dawa, kulazwa, hata miwani kama daktari ameiandika. Familia yake, sijasema mfanyakazi peke yake! Kampuni yetu iliamua siku moja kwamba kila mtu atabaki na mtoto mmoja tu kwenye liste ya kutibiwa. Hakuna barua, hakuna saini ya delege (mwakilishi wa wafanyakazi), tuliambiwa kwa mdomo. Mtoto wangu wa pili akashikwa na malaria, homa kali, usiku. Asubuhi nikaenda kuomba boni. «Mutoto huyu haiko ku liste.» Nikasema huyu nimemzaa mimi, cheti chake cha kuzaliwa mnacho kwenye dosie yangu tangu nilipoajiriwa. «Haiko ku liste.» Nikakopa kwa jirani, dola na riba. Mtoto alipona, Mungu asifiwe, lakini walimzuia kituoni mpaka fakture (bili) ikalipwa, na mimi nikakatwa siku ile kwamba sikuja kazini.

Wana jibu jipya siku hizi: eti serikali imeleta matibabu kwa wote, kuzaa ni bure, kwa hiyo kampuni haina deni. Uongo. Mpango wa kujifungua bure ulianzia Kinshasa Septemba 2023, na unafanya kazi kwenye vituo vilivyowekwa ndani ya mpango. Ni msaada wa taifa kwa mama yeyote, hata yule anayeuza mboga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye hana mwajiri. Haukuja kufuta wajibu wa kampuni inayoingiza malori ya mizigo kila siku.

Halafu mshahara wa chini. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba unapanda kutoka faranga 7,075 kwa siku hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Tulifurahi. Mwezi haukuisha, wenzetu kadhaa wakaitwa mmoja mmoja, wakapewa karatasi: kuanzia leo wewe ni jurnalie, yaani kibarua wa siku. Kazi ileile, koti lileile, saa zilezile, lakini hakuna boni, hakuna konje, ukiugua usije na usilipwe. Na ile theluthi mbili ya mshahara ambayo Kode inampa mgonjwa, kwaheri.

Wandugu mliogeuzwa majurnalie, someni hapa vizuri: Kode inasema mtu akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake (mkataba) inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Haijalishi wameandika nini kwenye karatasi yao. Kwa hiyo andikeni siku zenu kwenye daftari, kila siku, na mpige picha ya buku la kuingilia getini kama mnaweza.

Konje ya mwaka sitaki hata kurefusha. Sheria inatupa siku moja ya kazi kwa kila mwezi, na nyongeza ya siku moja kwa kila miaka mitano. Ni kidogo sana, na hiyo kidogo nayo wanaila. Kijana mmoja wa depo alifiwa na mama yake mzazi, sheria inampa siku 4, akarudi akakuta zimetolewa kwenye konje yake.

Wazee wetu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, wanatuambia zamani kulikuwa na hospitali ya kazi, posho ya unga, shule. Najua yale mambo yaliishaje, najua zaidi ya watu 10,000 waliondolewa mwaka 2003 kwa jina la kuondoka kwa hiari. Siombi zamani irudi. Ninaomba kilichoandikwa katika sheria ya leo. Ukisema hivyo ofisini unajibiwa kwamba getini kuna watu wengi wanangoja nafasi yako. Ni kweli wapo. Basi na wao mtawakata asilimia 5 na kuwaachia vistari viwili?

Tumeamua kwenda kwa Inspekta wa Kazi, kwa sababu bila kupita kwake kwanza kwa usuluhishi, Mahakama ya Kazi haitupokei. Delege wetu mmoja anaogopa, mwingine amekubali kusaini. Tunakusanya fishi, nakala za kontra, karatasi za daktari, fakture.

Ninaomba mambo mawili kwenu. Kila mmoja atoe fishi yake leo aangalie kama nambari yake ya CNSS iko, halafu aende mwenyewe kuuliza kama jina lake limepelekwa, asingoje siku ya kuugua au ya kuzaa. Na kama kuna mtu hapa, wa Lubumbashi au Kolwezi, aliyewahi kumpeleka mwajiri kwa Inspekta kwa ajili ya makato ambayo hayakufika kwenye mfuko, aandike hapa chini alipeleka karatasi gani na ilichukua muda gani. Majina ya kampuni msiweke, tuandikie njia tu. Barua yetu inaondoka wiki hii.