Korongo wa kukaa nje: chuma cha rangi, cha zinki, korteni au stenlesi?

Kijiti_Kavu:
Wakuu, habari za kazi. Nina mchoro wa sanamu ya ndege korongo aliyesimama kwa mguu mmoja katikati ya matete, kimo mita 2 hivi. Atakaa bustanini, jua lake, mvua yake. Kiunzi nitasuka kwa nondo za milimita 8, manyoya ni bati la milimita 1.5 yakipandana kama vigae, mguu ni bomba. Nimekwama kwenye chuma chenyewe: nitumie cha kawaida nikipake rangi, nikipeleke kuchovywa kwenye zinki, nitafute korteni (chuma kinachoachwa kishike kutu yake iwe ngozi ya kukilinda), au nijikaze ninunue stenlesi? Mashine yangu ya kuchomelea ni ya vijiti. Naomba kusikia kutoka kwa walioyapitia.

Cheche:
Stenlesi. Unachomelea, unang'arisha, unasahau.

FundiMakaa:
Cheche, taratibu. Stenlesi ipi? Aina ya 304 ikikaa karibu na bahari huanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Kule inatakiwa aina ya 316, iliyoongezewa madini ya molibdeni. Halafu ole wako usugue kwa diski uliyokwisha kuitumia kwenye chuma cha kawaida: vumbi la chuma linajipachika juu, mvua moja tu, kutu hiyo, unamlaumu muuza bati bure. Na ile rangi ya bluu inayobaki kandokando ya mshono sharti iondolewe, maana pale ndipo kinga imeharibika. Kwa mashine ya vijiti kwenye bati la 1.5 utatoboa zaidi ya kuunga. Tena sema kweli, umewahi kuona korongo anayeng'aa kama kijiko?

Mama_Kiota:
Kijiti mwanangu, ngoja nikupe yangu. Nilitengeneza bundi wa chuma cha kawaida, manyoya yakipandana hivyo hivyo unavyosema. Nikapaka praima, nikapaka rangi mara tatu, kila aliyepita alisifu. Msimu wa pili wa mvua bundi akaanza kulia: michirizi ya kahawia ikitoka chini ya manyoya ya kifua. Nikang'oa unyoya mmoja kwa patasi. Upande wa nje rangi ilikuwa nzima, unaweza kujitazama. Upande wa ndani kulikuwa na jani lililooza, udongo wa sisimizi, na unyevu ambao haujawahi kuona jua. Bati limekuwa jembamba, nikalitoboa kwa kidole.

Brashi haikuwahi kufika pale. Hata bunduki ya rangi haifiki. Kwa hiyo kabla hujaulizia chuma gani, chukua mchoro wako, ujifanye tone la mvua uliyetua kichwani pa huyo ndege. Unapita wapi? Unasimama wapi? Kila utakaposimama, pale ndipo atakapofia.

Siku hizi kila unyoya naupaka pande zote mbili ukiwa bado mezani, naufunga kwa bolti kwenye shina lake tu, na ncha naiinua kiasi cha kupitisha kidole. Upepo unapita, maji yanapita. Na ukichoka na rangi unafungua, unapaka upya.

FundiMakaa:
Mama kamaliza. Hilo ndilo linaloniogopesha hata kwenye zinki. Chuma huogeshwa kwanza kwenye asidi, ndipo kinazamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzijoto 450 hivi. Asidi ikijificha kati ya manyoya yaliyobanana, itakuja kuvuja baadaye. Bati jembamba nalo hupinda. Na bomba lililozibwa pande zote ni bomu: unyevu wa ndani unageuka mvuke, linapasuka. Toboa matundu juu na chini, usizibe hata moja. Kiunzi na mguu vipeleke, manyoya yabaki nyumbani. Kazi yote ya kuchomelea imalize kabla, kwa sababu moshi wa zinki utakulaza na homa.

Mzee_wa_Nyundo:
Naipenda korteni, lakini si kwa ndege huyu. Sanamu ya Malaika wa Kaskazini kule Uingereza, aliyesimama tangu 1998, ni korteni: urefu mita 20, mabawa mita 54. Mtazame vizuri, ni mabamba mazito yaliyo wazi, mvua inateremka, upepo unakausha. Kutu ya korteni hushikamana na kuwa ngozi pale tu chuma kinapolowa na kukauka kwa zamu. Chini ya manyoya yasiyokauka itaendelea kuliwa kama chuma kingine chochote. Chumvi ya bahari nayo inaiharibu. Na ukiiweka juu ya zege jeupe, mwaka wa kwanza zege litakuwa na ndevu za kahawia.

Mimi nauliza kuhusu mguu. Mwili wenye manyoya ni tanga, na tanga hilo umelisimamisha juu ya bomba moja. Tumia chuma kizima badala ya bomba, uchomelee kwenye bamba nene, bamba lifungwe kwa bolti kwenye msingi wa zege. Kisha matete mawili au matatu yapite nyuma ya bawa, yaungwe kwenye kiunzi mahali pasipoonekana. Watu wataona mguu mmoja, upepo utakuta mitatu au minne.

Kijiti_Kavu:
Shikamoo Mzee, hilo la matete sikuliwaza kabisa. Basi nimeamua: kiunzi, mguu na matete vya zinki, manyoya ya bati la kawaida yaliyopakwa pande zote, bolti za zinki.

Cheche:
Basi nipeni hata mdomo wa stenlesi jamani.

FundiMakaa:
Mdomo sawa, umeinama, maji hayakai. Ila usiguse shingo moja kwa moja: stenlesi ikikutana na zinki penye maji, zinki ndiyo inayoliwa. Weka washa (pete bapa) ya plastiki katikati, na bolti ivalishwe kikoti cha plastiki pia.

Cheche:
Nimeridhika. Utang'aa kama kijiko.