Neno FORGE maana yake hasa ni nini? Nataka liandikwe kwenye bango, naombeni ushauri

Nyundo_ya_Tatu:
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina swali dogo ila limeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Kuna ndugu yangu yuko Moshi ana karakana ya vyuma, anafua majembe, mashoka, patasi, visu vya buchani, na mageti anachomelea. Anataka kuweka bango, jina alilochagua ni la Kiingereza na mwishoni lina neno FORGE. Watu wawili watatu wameshamwambia hilo jina ni mkosi, wengine wanasema liko poa tena la kisomi. Kiingereza changu cha kuungaunga. Naomba wajuzi wa lugha mniambie, hilo neno ni kufua chuma au ni kufoji? Limetokea wapi? Na kama ni yote mawili, lipi lilitangulia?

Binti_Kilwa:
Forge ni kufoji mkuu, mbona rahisi. Vyeti vya kufoji, sahihi ya kufoji. Ndugu yako anaandika ukutani "hapa tunafoji" halafu anasubiri wateja, atapata wateja wa aina gani sasa 😂

Wakili_wa_Kijiweni:
Kisheria hana kosa lolote. Kughushi kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 333, ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kudanganya. Bango la karakana ukweli wake ni karakana ipo. Asajili jina lake BRELA aendelee na maisha.

Nyundo_ya_Tatu:
Ahsante wakili ila sikuuliza sheria, nauliza maana.

Kamusi_Tembezi:
Jamani tusimpotoshe mwenzetu. Forge kwa asili ni karakana ya mhunzi, pale penye moto, mivukuto na fuawe, yaani kile chuma kizito cha kufulia juu yake. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini fabrica, yaani karakana ya faber, fundi wa vitu vigumu kama chuma na mbao. Ukikutana na Mfaransa anaitwa Lefebvre jua ukoo wake jina limetoka kwa huyohuyo faber, ni kama sisi kumwita mtu Mhunzi. Hiyo fabrica pia ndiyo imezaa fabricate, na hapa tega sikio: fundi wa mageti anakwambia anafanya fabrikesheni na ni kazi halali, ila mahakamani ushahidi ukiitwa fabricated maana yake umetungwa. Neno la kutengeneza limeteleza likawa la kutunga. Forge iliteleza mapema zaidi, kufikia karne ya 14 Mwingereza alikuwa anatumia neno hilohilo moja kwa anayefua upanga na kwa anayeghushi mhuri. Kwa hiyo chuma kilitangulia, uongo ukaja nyuma yake.

Sasa njoo Kiswahili, maana hapa ndipo penye utamu. Sisi haya mambo tuliyatenga. Kufua ni kazi ya mikono, mfua chuma, mfua dhahabu, tunafua nguo na siku hizi tunafua mpaka umeme. Kughushi ni neno lenye asili ya Kiarabu na lenyewe ni udanganyifu tu, halijawahi kushika nyundo. Kiingereza kilipokuja tukaokota foji, lakini tukaokota nusu yake, ile nusu mbaya. Nusu ya mhunzi tuliiacha kwa sababu kufua tulikuwa nalo tayari. Ndiyo maana Mswahili akisikia forge anasikia pingu, na Mwingereza akilisoma kwenye bango anaona moto na nyundo. Wote wawili wako sahihi.

Kijana_wa_Posta:
Bosi wetu kila kikao lazima aseme tu-forge ahead. Kumbe anatuambia tukafoji mbele ya safari?

Kamusi_Tembezi:
Hilo ni lingine mkuu, limefanana sura tu. Kamusi zao zinaliweka peke yake, ni la mabaharia, meli inajikaza kwenda mbele, na inaelekea ni force iliyopindishwa na ndimi za watu.

Mama_Wawili:
Nyie mnaongea Kilatini, mimi mafundi wa vyuma sitaki hata kuwasikia. Mwaka jana nimempa fundi laki nne ya geti, akaniambia wiki moja, nikakaa miezi mitatu nyumba iko wazi nalala na panga chini ya kitanda, kila nikipiga simu "mama niko kwenye kupaka rangi", rangi gani hiyo miezi mitatu? Siku nimefika bila taarifa nakuta geti langu kamuuzia mtu mwingine na la kunifidia hata bomba hajakata. Ndugu yako hata akiita karakana Malaika, amalize kazi za watu kwa wakati basi.

Msee_wa_Kamukunji:
Huku Nairobi Kamukunji jua kali hakuna mtu ana bango la maana na kazi inatoka. Masanduku ya wanafunzi, jiko, karai, kelele ya nyundo ndio bango. Customer anasikia akiwa bado barabarani. Huyo brathe aweke pesa ya bango kwa makaa.

Gisenyi_250:
Huku Rwanda mhunzi ni umucuzi, na kufua chuma ni gucura. Na sisi tunasema gucura umugambi, yaani kusuka njama. Kwa hiyo si Waingereza peke yao, nyundo na hila zimekaa neno moja hata kwetu.

Dada_Mkweli:
Subirini kwanza. Mleta uzi nimekusoma mara mbili. Umesema watu wamemwambia jina ni MKOSI. Neno tu la Kiingereza linakuwaje mkosi? Watu wangesema gumu, au halieleweki. Mkosi ni kwa mtu mwenye historia yake. Na ndugu yako ndiye mwenye karakana ila anayekosa usingizi ni wewe. Funguka kaka.

Nyundo_ya_Tatu:
Sawa dada. Karakana ni yangu. Nimeandika ndugu kwa sababu humu kuna watu wananifahamu. Jina ni Ugweno Forge, nimeliwaza tangu mwaka jana, na fundi wa mabango nimeshampa elfu themanini katika laki na nusu, kesho anaanza kuandika. Kwa hiyo sioni sababu ya kubadilisha, nilitaka tu uhakika wa maana na Kamusi amenipa, shukrani sana mkuu, Mungu akubariki.

Dada_Mkweli:
Bado hujajibu. Mkosi kwa nini?

Binti_Kilwa:
Naweka kiti hapa.

Nyundo_ya_Tatu:
Basi nimalize. Mimi nilikuwa mtumishi wa umma. Aprili 2017 majina 9,932 ya wenye vyeti vya kughushi yalipokabidhiwa kwa rais pale Dodoma, langu lilikuwemo. Form four nilifeli, nikamlipa mtu akanichongea cheti kingine, nikala mshahara nacho miaka kumi na moja. Niliacha kazi wiki hiyohiyo, nikarudi nyumbani na begi moja. Mke wangu alijua siku hiyo, mtaa mzima ulijua kesho yake. 2022 serikali iliporuhusu turudishiwe michango yetu ya mfuko wa pensheni, hela ile ndiyo nimenunulia mashine ya kuchomelea, feni ya kupulizia moto na mabati ya kuezekea banda.

Sasa shemeji yangu anasema mtu aliyefukuzwa kwa kufoji akiandika FORGE juu ya mlango wake anajitangaza. Mama anasema ni mkosi. Mimi nasema ndiyo maana yake hasa, ile kazi ya kufoji nimeiacha na hii ya kufua ndiyo ninayokula nayo, na kama neno moja linabeba zote mbili basi ni langu. Nimechoka kujificha wakuu. Na wateja wangu wa visu ni wenye hoteli na wageni wanaopanda mlima, hao wakisoma Forge wanajua nafanya nini.

Mzee_wa_Kibaraza:
Mwanangu, miaka kumi na moja ulikalia kiti cha kijana aliyesoma kwa kibatari akafaulu. Sikutukani. Ila usiseme "ni langu" kwa furaha kiasi hicho, yule kijana hujamjua hata jina.

Nyundo_ya_Tatu:
Nimekusikia mzee wangu, shikamoo. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kufukuzwa.

Tausi_Pwani:
Dada yangu naye aliondoka 2017, alikuwa nesi, watu wa kijiji kile walilia. Alizalisha nusu ya watoto wa pale. Sitetei, ila mtu anayerudi akaanza upya na jasho lake mwacheni apumue.

Fundi_Chuma_Mbeya:
Mimi naona hii ni CHAI. Tena haina hata tangawizi. Angalieni: mwanzo ndugu yangu, halafu mimi mwenyewe, halafu mtumishi wa umma, halafu ghafla ni mhunzi wa kufua visu mpaka wazungu wananunua. Uhunzi haujifunzi YouTube miaka miwili. Mimi niko kwenye moto tangu 1998. Mtu katunga kisa kwa sababu neno lina maana mbili, limekaa vizuri mno. Mleta uzi, jibu bila kugugo: umechukua springi ya gari, umeifua kisu, unataka kuikaza. Unajuaje sasa hivi ndiyo muda wa kuzamisha? Na ukishazamisha unafanya nini?

Binti_Kilwa:
Eeeh mtihani wa NECTA umerudi 😂😂

Mama_Wawili:
Nilijua tu. Watu wanatupotezea bando.

Nyundo_ya_Tatu:
Mkuu Mbeya huo mtihani naufanya kwa moyo mmoja. Kwanza kabla ya kuzamisha: naifua ikiwa rangi ya chungwa lililoiva, ikirudi nyekundu ya damu naacha kugonga naipeleka motoni, maana ukiigonga imepoa inapasuka ndani na hutaona mpaka siku kisu kinakatika mkononi mwa mteja. Ikianza kutoa cheche nyeupe ujue imeungua, ni ya kutupa. Sasa kuzamisha: nina kipande cha sumaku ya spika nimekifunga kwenye waya. Naigusisha, ikishika bado. Ikiacha kushika naiongezea moto kidogo tu halafu naizamisha kwenye oili, ncha ikitangulia, sio maji, springi kwenye maji inalia "tii" inapasuka. Ikitoka hapo ni ngumu lakini ni kama glasi, ukiiangusha inavunjika. Kwa hiyo naisugua msasa mpaka ing'ae, naipasha taratibu kutokea mgongoni, naangalia rangi inatembea, ikifika rangi ya majani makavu kwenye makali naitoa. Ikienda bluu nimechelewa, hapo ni springi tena.

Na sikujifunza YouTube. Babu yangu ni Mgweno, mhunzi, likizo zote za shule ya msingi nilikuwa mvukuta moto wake. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi, miwili, huu ukipanda ule unashuka, ukipoteza mapigo anakurushia kaa. Fuawe yake ndiyo ninayotumia, kona ya kulia imemong'onyoka, hapo ndipo nakunjia shingo ya jembe. Wajomba waliitaka wauze chuma chakavu 2009, bibi akaifukia chini ya mgomba.

Fundi_Chuma_Mbeya:
Nafuta neno chai. Huyu ni fundi. Hiyo ya sumaku na rangi ya majani makavu hujibu kama hujaunguza vidole. Samahani mkuu. Sasa swali langu ni lingine, mtu mwenye fuawe ya babu yake alienda kuchonga cheti cha nini?

Nyundo_ya_Tatu:
Kwa sababu nyumbani uhunzi ulikuwa kazi ya aliyefeli. Nami nilifeli, nikaona aibu kuirudia.

Mshana_Og:
Sikuwa nichangie ila umetaja Ugweno. Sisi Washana ndio ukoo wa wahunzi kule Upareni, Wachaga walikuwa wanapanda kwetu kununua chuma enzi za wazee, mikuki yao na majembe yao. Hiyo kazi haikuwa ya waliofeli hata siku moja, mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Hilo la waliofeli limeletwa na shule.

Mbeba_Maboksi_PA:
Nipo Pennsylvania, jirani na huku kuna sehemu inaitwa Valley Forge. Palikuwa na karakana ya chuma kwenye kijito, ndipo jeshi la Washington likapiga kambi msimu wa baridi wa 1777 kuamkia 1778, askari kama 12,000, wakafa karibu 2,000, wengi kwa magonjwa na si risasi. Leo ni hifadhi ya taifa, watoto wanapelekwa na shule. Hakuna anayewaza vyeti. Jina liko poa kaka usiogope.

Kamusi_Tembezi:
Kwa huko sawa, ila bango haliwekwi Pennsylvania, linawekwa Moshi. Kaka nimekuelewa unavyotaka kulibeba neno kwa maana zake zote mbili, na nakuheshimu. Ila mpita njia hatasimama umweleze fabrica na faber. Atasoma foji, atacheka, atamwambia wa pili, na wa tatu atakumbuka 2017. Wewe utavumilia kwa sababu umeamua, watoto wako hawajaamua. Na jina zuri umelitaja mwenyewe ukalipita. FUAWE. Limetoka kwenye kufua, ni lenu, na ndicho kile chuma cha babu ambacho bibi alikifukia chini ya mgomba. Ugweno Fuawe. Mgeni wa mlimani ataona visu, hahitaji kamusi.

Dada_Mkweli:
Naunga mkono kwa mikono miwili.

Mbeba_Maboksi_PA:
Mimi nabaki na Forge.

Nyundo_ya_Tatu:
Nimesoma yote. Tatizo nimempigia fundi wa mabango sasa hivi, kumbe kaanza leo mchana, ameshaandika UGWENO FO kwa rangi ya mafuta nyekundu na anasema bati jipya ni hela yangu.

Fundi_Chuma_Mbeya:
Mwambie aishie hapo hapo. O ukiifungua juu ni U.

Nyundo_ya_Tatu:
Ngoja nimwamshe mama watoto nimuonyeshe hii.