Filamu ya kutisha ya mchana kweupe, bila damu wala jini: naomba ushauri

MwanaKibokoni: Asalaam aleikum wandugu. Tunatengeneza filamu fupi ya dakika 12 kwenye nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa. Hatutaki usiku, damu, jini wala kishindo cha ghafla. Nyumbani wamo watu wanne, ila kila mchana vinaandaliwa vikombe vitano vya kahawa na hapana anayeuliza. Waliotazama toleo la kwanza hawakuogopa, na baadhi yao walidhani kile kikombe cha tano ni kosa letu. Tunarudia sehemu ya ukumbini. Turekebishe nini?

MezaYaUhariri: Hao waliodhani ni kosa wamewasaidia sana. Mtu hawezi kuogopa utaratibu uliovurugika kama hajauzoea kwanza. Pigeni ukumbi kwa shoti moja tu, lenzi ya milimita 35, kamera kwenye tripodi, na miguu yake itieni alama za mkanda sakafuni ili pembe isibadilike hata kidogo. Shoti hiyo ijirudie mara tatu. Mara ya kwanza vikombe vinne, sekunde 8, basi. Mara ya pili vitano, na hapa lazima mhusika mmoja akione: mama ainue dele, asite, kisha amimine kama kawaida. Kule kusita ndiko kunakomjulisha mtazamaji kuwa jambo ni la makusudi. Mara ya tatu kikombe cha tano kimeshanyweka, mashapo yamebaki chini. Kaeni hapo sekunde 20 bila kukata. Msikisogelee kwa kamera, mwacheni mtazamaji akitafute mwenyewe.

SautiZaPwani: Muziki toeni wote. Mji wa Kale una kunguru kutwa nzima. Warekodini peke yao dakika 5, kinasa sauti mkikiweka 48 kHz, biti 24, na kilele cha sauti kisipite -12 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwenye uhariri washusheni kidogo kidogo, dB 2 au 3 kwa dakika, hadi shoti ya tatu libaki pangaboi peke yake. Mtazamaji hatajua nini kimeondoka, lakini atakosa raha. Msitegemee ngurumo nzito ya 40 Hz: spika ya simu haiitoi, na wengi watatazama kwa simu.

Halafu, msirekodi mazungumzo karibu na adhana ya adhuhuri. Ikisikika kwenye shoti moja na kukosekana kwenye inayofuata, mkato utajulikana. Na adhana ni ibada, isigeuzwe chombo cha kutishia watu.

MwanaKibokoni: Shukran sana. Na mwanga je? Uwani saa sita picha inakuwa nyeupe tupu, na taa za ukumbini zinapepesa.

JuaLaUtosi: Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Taa za LED za bei rahisi zikiendelea kupepesa, zizimeni mtumie mwanga wa dirisha. Uwani, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuona mwanga) na tundu la lenzi f/4, jua kali litazidi kwa takriban stopu 5 (kila stopu ni mwanga mara mbili), kwa hivyo fungeni ND32, kichujio cheusi kinachopunguza mwanga mara 32. Kile cha kuzungusha kikikazwa hadi mwisho huchora msalaba mweusi kwenye picha, bora cha kiwango kimoja. Msikimbilie tundu dogo la f/16, picha hupoteza ukali.

Huo weupe lakini msiuue wote. Mlango wa uwani ukizidi mwanga kidogo nyuma ya mama, mtu atakuwa anaukodolea macho muda wote, na hamjaweka kitu pale.

MezaYaUhariri: Naam, mlango uwe wazi katika shoti zote tatu. Na mkitoka kupiga barabarani, leseni ya KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya, iwe tayari.