Uliwahi kuhisi umepotea kabisa maishani? Ulitokaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni.

Naomba tuongelee kitu ambacho wengi tunakipitia ila mtaani hakisemwi, ile hali unaamka huumwi, hujagombana na mtu, lakini hujui maisha yako yanaenda wapi. Umri unasonga, wenzako wameoa, wengine washapaua Chanika na Kivule huko, we upo upo tu.

Naanza mimi. Nilikuwa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, mkataba ukaisha, haukuongezwa. Nikawa kila asubuhi napiga pasi shati natoka Tabata napanda gari la Posta, nashuka Mnazi Mmoja nakaa pale bustanini mpaka jua lipoe ndo narudi, kwasababu mama mwenye nyumba na majirani walishazoea kuniona natoka na sikutaka maswali. Hela iliuma ndio, ila kilichoniumiza zaidi ni simu. Watu tuliokuwa tunachangia sahani moja ya mchana, kimya. Na mimi nikaanza kutopokea za nyumbani maana kila nikipokea ni "vipi kazi?", mwisho inafika jioni sijaongea na mtu yeyote zaidi ya konda.

Siku moja mvua ikanikimbiza bustanini nikaingia Maktaba Kuu ile ya barabara ya Bibi Titi, ile iliyofunguliwa 1967 na Mwalimu. Nikakuta wazee wanasoma magazeti, vijana wanakomaa na mitihani ya uhasibu, kila mtu ana lake. Nikaanza kwenda. Baadae mjomba akaniita dukani kwake Buguruni nimshikie daftari la stoku, hela ya kawaida sana, lakini saa mbili nisipofungua kuna fundi amesimama mlangoni anasubiri misumari. Yaani kwangu ile hali ilianza kupungua nilipokuwa na sehemu ambayo nisipotokea kuna mtu anauliza yuko wapi. Kujifungia ndani kufikiria nilifikiria sana, sikupata jibu hata moja.

Karibuni, andika yako hata kama haijaisha.

Mdau wa Mbagala
Kaka asante kwa kufungua hili. Mi mama wa watoto wawili niko Rangi Tatu, mume yupo, kazi anayo, kwahiyo ukisema umepotea watu wanakuona huna shukrani. Yangu ilianza mama alipofariki. Nilimuuguza mimi, sukari, ikafika na kidonda cha mguu, ni kukisafisha asubuhi na jioni, sindano, kliniki, chakula chake cha peke yake. Arobaini ikaisha, ndugu wakatawanyika, mi nikawa naendelea kuamka alfajiri ile ile ya kumpima, nakaa kitandani na kile kimashine mkononi na vile vijikaratasi vyake vimebaki nusu kopo, hakuna wa kumpima. Wote wakasema ni msiba utapita. Ni msiba kweli, ila hakuna aliyeona kwamba kazi yangu yote ya kila siku iliondoka naye.

Kikoba nikawa natuma hisa kwa simu, siendi. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, akairudisha ile hela akasema "hisa zako zilete mwenyewe mwanangu, tunataka kukuona wewe". Nilikasirika wallahi, lakini nikaenda, na nililia mbele yao wote mpaka kikao kikaahirishwa. Siku hizi mtaani akiwepo mgonjwa wa sukari wananiita, naenda nawaonyesha kukagua miguu kila siku, chini ya nyayo na katikati ya vidole, kwasababu ugonjwa ukiua hisia za mguu mtu anaweza kukanyaga msumari asisikie. Mama bado namlilia lakini asubuhi zangu zina kazi tena.

Mdau wa Kariakoo
Mkuu nakuheshimu ila mimi ilikuwa kinyume na yako. Mimi ni mmoja wa waliounguliwa mali soko la Kariakoo lilipowaka moto Julai 2021, nilikuwa na mzigo wa pembejeo, nusu yake wa mkopo. Sasa watu walinijaa, kila mtu na ushauri wake, mwingine anakupa pole huku anakuchunguza kama una hela yake. Mimi dawa yangu ilikuwa kuwakimbia kwanza. Nikaenda kwa dada yangu Mlandizi, nikawa nalima mchicha na bamia, shemeji yangu mtu poa sana hakuniuliza chochote, tukirudi shamba tunakula tunalala. Akili ilipotulia ndo nikachukua daftari nikaorodhesha wote wanaonidai, nikaanza kuwapigia mimi kabla hawajanipigia wao. Wawili watatu walinitukana, wengine wakanipa muda. Kwahiyo ndugu zangu sio kila aliyejitenga amejifungia, wengine tunahitaji kutulia kwanza, tuacheni tupumue.

Mdau wa Sinza
Mi digrii ninayo, nimeomba kazi kwenye ule mfumo wa ajira za serikali mpaka nywila naiandika nimefumba macho. Kila nikifungua simu naona stetasi za niliomaliza nao, huyu Dubai, huyu kavishwa pete. Nikaenda VETA Chang'ombe kusoma mafriji na AC. Mzee alininunia hatari, kanisomesha chuo kikuu halafu narudi kubeba spana. Ila mji huu Desemba mpaka Machi joto lake mnalijua, simu haipoi, masika ikishika kazi zinapungua najipanga upya. Siwezi kusema nimejipata, bado najitafuta, ila nikiwasha AC iliyokuwa imekufa ile hewa ya baridi ikatoka, mwenye nyumba anacheka, na mimi siku yangu imeenda vizuri.

Mdau, muuguzi
Naongezea kitu kimoja cha muhimu jamani. Kuna kukosa mwelekeo na kuna sonona, vinafanana kwa nje. Kama huzuni au kukosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika, kula huli au unakula kupita kiasi, unajiona huna thamani, nenda hospitali, huo ni ugonjwa na una tiba. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na unaweza kuanzia Amana, Temeke au Mwananyamala. Na ukianza kuwaza kwamba bora usiwepo, usisubiri hizo wiki mbili zitimie, mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii na muende wote. Nimeona wagonjwa wakipona wakarudi makazini, na nimeona walioletwa wamechelewa, ndo maana naandika hivi.

Mdau wa Gongo la Mboto
Nimesoma zote mimi bado nipo humo humo. Usingizi unakata saa nane usiku mpaka kunakucha. Sina la kuwashauri, nilitaka tu kuandika.

Mleta mada
Ndugu yangu umefanya vizuri kuandika. Nakuuliza wazi, unawaza kujidhuru? Kama ndio nijibu sasa hivi, na muite yeyote uliye naye hapo nyumbani aje akae na wewe. Kama sio, hilo la usingizi bado ni la kumwona daktari. Kutoka kwako mpaka Amana sio mbali na mimi nipo Buguruni hapo jirani, dukani nitamwachia kijana, kesho saa tatu asubuhi nakusubiri getini tuingie wote. Namba nimekutumia inbox, hiyo saa nane ikikukuta macho wazi piga, nitapokea.